Miadi Aliyoifuta Abdulwakil

Msimulizi wenu anaapa. Anaapa kwa meno yake machache yaliyobaki, na kwa kiinua mgongo chake kilichokwisha zamani, kwamba habari hii ni kweli tupu. Hakuongeza hata neno. Asiyeamini apande ndege mpaka Guangzhou, China, aende kituo cha reli cha Liuhua, aingie barabara ya Zhanxi, aulizie Abdulwakil wa viatu. Ataonyeshwa.

Abdulwakil ni mtu wa Dar es Salaam. Ananunua viatu Zhanxi na kuvipeleka Kariakoo. Anakaa Guangzhou na mkewe, Mwatima, na binti yao, Ilham. Wamepanga ghorofa ya nne. Sebule ni ya watu, na chumba cha nyuma ni cha marobota. Asubuhi nyumba nzima inalia selotepu: chwaa, chwaa. Mwatima anafunga mizigo, Ilham anaandika majina ya wateja juu ya maboksi, na Abdulwakil anakunywa chai huku anasikiliza simu.

Kusikiliza simu ndiyo kazi aliyoijua kuliko zote. Kule sokoni anayesikia kwanza ndiye anayekula. Ukisikia bei ya ngozi inapanda, unanunua leo. Ukisikia meli inajaa, unawahi nafasi. Huulizi mara mbili. Abdulwakil alikuwa hodari wa mambo hayo. Siku moja alipiga chafya Zhanxi, na bei ya raba ikapanda Kariakoo kabla hajafuta pua. Msimulizi alikuwepo.

Sasa huyo Ilham alikuwa na bahati yake. Chuo kimoja huko Marekani kilimpa nafasi ya kusomea uhandisi wa maji, na masomo yote yakilipiwa na chuo. Masomo yalianza mwishoni mwa Agosti. Kilichobaki kilikuwa viza. Kwa kuwa anaishi Guangzhou kihalali, aliomba miadi ya mahojiano kwenye ubalozi mdogo wa Marekani wa hapo hapo mjini. Akapewa siku ya Alhamisi, mwezi wa Juni, mwaka 2025. Miadi aliifungulia kwenye simu ya baba yake, kwa sababu baba ndiye aliyelipa ada.

Jumanne ya wiki hiyo, kundi la WeChat la Waswahili wa Liuhua lilipokea video. Mtu mwenye tai alikuwa anasoma karatasi kwa Kiingereza. Juu yake sauti ya Kiswahili ilisema:

"Habari ya sasa hivi! Mtanzania haruhusiwi tena kukanyaga Marekani. Ukipeleka pasipoti ubalozini inagongwa muhuri mweusi. Na huo muhuri Wachina wakiuona, hapa nako unafukuzwa! Sambaza uwaokoe wenzako."

Abdulwakil aliisikiliza mara moja. Aliona pasipoti ya binti yake ina muhuri mweusi. Aliona familia nzima imesimama uwanja wa ndege wa Baiyun na mabegi, na viatu vya wateja vimebaki ghorofani. Akaisambaza. Kisha akaingia kwenye ile miadi, akabonyeza "futa". Simu ikamuuliza kama ana hakika. Akabonyeza "ndiyo".

Alitulia kama mtu aliyewahi nafasi ya mwisho melini.

Alhamisi asubuhi Ilham alitoka chumbani amevaa suti ya bluu na mtandio uliopigwa pasi. Mkononi alikuwa na faili la vyeti.

"Mama, niko sawa?"

"Uko sawa, mwanangu. Zunguka nikuone nyuma."

Abdulwakil aliweka kikombe chini. "Vua hizo nguo. Hakuna safari."

"Baba?"

"Nimeifuta ile miadi. Marekani imefungwa kwetu. Hukuiona ile video?"

Ilham alicheka kidogo. Alidhani baba yake anatania. Alipouona uso wake, kicheko kilikatika.

"Umefuta bila kuniambia?"

"Ningekwambia ungebisha. Nimekuokoa wewe, nimetuokoa sote."

Mwatima aliacha selotepu ikining'inia kwenye boksi. "Baba Ilham, umemuuliza nani kabla ya kufuta?"

"Niulize nini? Kundi zima linajua!"

"Kundi linajua kwa sababu mnasambaziana wenyewe kwa wenyewe," Mwatima alisema. "Dada yangu Unguja ameipata ile video, na aliyemtumia ni wewe."

Mlango uligongwa. Aliingia Nyokabi, jirani wa mlango wa pili. Nyokabi ni Mkenya wa Nairobi, wakala wa kusafirisha mizigo. Kazi yake inamlazimu kufuatilia siasa za Marekani kila siku. Rais wa kule akitamka neno "ushuru", simu za wateja wake hazinyamazi. Alikuwa amekuja kumtakia Ilham kila la heri, na mkononi alikuwa na mandazi kwenye mfuko.

"Mbona mmekaa kama mko matangani?" aliuliza.

Walimwambia. Nyokabi aliomba kuiona video. Aliitazama mpaka mwisho, akairudisha simu mezani.

"Baba Ilham, laoban, mwenye duka wa Zhanxi, akikuonyesha sampuli ya kiatu, wewe humpigia mteja wa Kariakoo ukamwambia mzigo umefika?"

"Kwani nimekuwa mwehu? Sampuli ni kiatu kimoja."

"Sawa. Ukitoa oda lakini hujalipa?"

"Hapo bado hakuna kitu. Laoban anaweza kumuuzia mwingine."

"Basi siasa ya Marekani iko hivyo hivyo. Mwanasiasa anaongea jukwaani, hiyo ni sampuli. Leo anaonyesha hii, kesho ile. Kisha kuna karatasi za ndani za serikali. Zinavuja, magazeti yanaandika kwamba serikali inafikiria kuziwekea masharti nchi fulani na fulani. Hiyo ni oda ambayo haijalipiwa. Halafu Rais anatia saini amri, na amri ina tarehe ya kuanza. Hapo mzigo umepakiwa. Na hata ukishapakiwa, watu wanaweza kwenda mahakamani, jaji akausimamisha. Serikali inakata rufaa, mahakama ya juu inauachia. Umeona huo mzunguko?"

"Na hii ya Jumanne ni ipi?" aliuliza Mwatima.

"Hii ni oda. Mwezi huu Rais ametia saini amri ya kuzuia watu wa nchi kadhaa, ni kweli, lakini Tanzania haimo. Kilichovuja baadaye ni kwamba wanafikiria kuongeza nchi nyingine, na Tanzania imetajwa. Wanafikiria. Mtu wa video amechukua neno 'wanafikiria', amelitupa jalalani."

"Na muhuri mweusi?" Sauti ya Abdulwakil ilikuwa imeshuka.

"Huo ameupika mwenyewe. Bila muhuri nani angesambaza?"

Ilham alikuwa bado amesimama na faili lake. "Kwa hiyo leo ningeingia?"

Nyokabi hakutaka kumdanganya. "Ungeingia, ungehojiwa. Kupewa au kunyimwa ni uamuzi wao. Lakini ungehojiwa."

Abdulwakil alishika simu haraka. Alitafuta miadi mpya ya Juni. Hakuna. Julai. Hakuna. Agosti. Kioo kilionyesha tarehe za kijivu tupu, safu kwa safu.

"Mei you," alisema Ilham. Ndilo neno ambalo wenye maduka wa Zhanxi humwambia mteja bila kuinua macho: hakuna. Alirudi chumbani, na mlango aliufunga polepole sana. Abdulwakil angependa aubamize.

Chuo kilijibu kwa upole. Nafasi yake ingesubiri hadi masomo ya Januari, zaidi ya hapo hapana. Miadi iliyopatikana ilikuwa ya siku za mwanzo za Januari. Ilham aliandika majina juu ya maboksi kutwa. Akaenda Kangle, mtaa wa mafundi cherehani, na mama yake kukagua mishono ya nguo za wateja. Alifanya kila alichoambiwa. Baba yake akimuuliza kitu, alimjibu, lakini yeye mwenyewe hakumuuliza baba yake kitu.

Abdulwakil alianza kujifunza. Kila jioni aligonga kwa Nyokabi.

"Leo wanabishana nini?"

"Wanabishana kama Rais ana uwezo wa kutoza ushuru bila Bunge. Hawa wanasema nchi yao imeonewa muda mrefu. Wale wanasema anayelipa ni Mmarekani wa kawaida dukani. Wameshafika mahakamani."

"Na habari ya viza?"

"Vilevile. Hawa wanasema ni usalama wa nchi. Wale wanasema mnawafungia wanafunzi mlango. Kila upande una runinga yake, Baba Ilham. Ukisikiliza mmoja tu, utadhani mwingine hana akili."

"Kumbe wenyewe hawaelewani."

"Hawaelewani. Lakini wao wakishagombana wanakwenda kupiga kura. Sisi tuko Guangzhou, kura hatuna, na kelele tunasambaza."

Katikati ya Desemba, Nyokabi aligonga mlango bila mandazi. Alibaki kizingitini.

"Imetiwa saini," alisema.

Ilham aliweka kalamu juu ya boksi.

"Tanzania imo. Wameigusa viza ya matembezi na ya wanafunzi. Inaanza tarehe mosi Januari. Nimeisoma kwenye ukurasa wa serikali yenyewe. Nimeisoma tena nikitafuta mahali pa kutokea, sikupaona."

Miadi ya Ilham ilikuwa siku chache baada ya hiyo tarehe mosi.

Abdulwakil alifungua mdomo. "Si nilise—"

"Usithubutu," alisema Mwatima.

"Nataka kusema tu kwamba mwisho wake hata ile video—"

"Muulize Nyokabi inamgusa nani."

Nyokabi aliinamisha kichwa. "Walio nje ya Marekani ambao siku hiyo watakuwa hawana viza. Aliyepata viza kabla, ya kwake haifutwi kwa amri hii."

"Umesikia?" Mwatima hakupandisha sauti. "Kama angehojiwa Juni, akapewa, sasa hivi angekuwa darasani. Mlango ulikuwa wazi, Baba Ilham. Uliufunga wewe kwa kidole chako. Wao wameukuta umefungwa, wakaongeza kufuli."

Ilham aliinuka, akachukua selotepu, akaanza kufunga boksi. Chwaa. Abdulwakil alimtazama mgongo. Kama ile habari ingebaki kuwa uongo, angeomba radhi ikaisha. Lakini iligeuka kweli, na ikamwacha hana hata wa kumlaumu.

Tangu siku hiyo nyumba ile ina utaratibu. Habari ya siasa ikiingia, kabla ya kusambaza na kabla ya kufanya lolote, wanauliza. Nani amesema, na amesemea wapi? Imetiwa saini au bado inafikiriwa? Inaanza lini, na inamgusa nani? Jibu linatafutwa kwenye ukurasa wa serikali husika, au kwenye vyombo vya habari zaidi ya kimoja. Likikosekana, simu inawekwa chini, na chai inanywewa. Na jambo la mtu mzima halifutwi bila yeye mwenyewe kuwepo. Hili la mwisho aliliongeza Ilham.

Utaratibu huo ulizaa matunda, ila yaliiva kwa jirani. Nyokabi anaishi na Kawira, binti wa dada yake aliyeolewa Meru. Kawira anasoma Kichina Guangzhou, na alikuwa amepata chuo Marekani. Wiki ya mahojiano yake, sauti ikaingia kwenye kundi: Kenya nayo imefungwa, kimbieni! Nyokabi alikuwa bandarini Nansha, simu haipatikani. Kawira alikuja analia.

"Ilham, manze, nimeisha. Acha tu nisiende."

"Nani amesema?"

"Sijui. Iko kwa group."

"Keti."

Ilham alifungua ukurasa wa serikali ya Marekani. Alisoma orodha ya nchi kuanzia juu. Alipita kwenye jina la nchi yake bila kusimama. Alisoma mpaka chini.

"Kenya haimo. Nenda kanawe uso."

"Una uhakika?"

"Soma mwenyewe. Na kesho vaa suti yangu ya bluu. Haijawahi kwenda popote."

Kawira alikwenda, akahojiwa, akapewa viza. Abdulwakil ndiye aliyeandika kwenye kundi kwamba ile sauti ni ya uongo, na akaweka ukurasa watu wasome. Wengine waliokuwa na miadi wakaacha kuifuta. Siku ya safari, Ilham alisukuma toroli la Kawira mpaka mlango ambao wasindikizaji hawavuki. Abdulwakil alibeba begi dogo. Kawira alipotea ndani. Baba na binti wakageuka.

Mwisho wa habari hii msimulizi aliuandika vizuri sana. Ijumaa moja baada ya swala, aliwasomea wenyewe kwenye mgahawa wa tambi wa Waislamu wa Kichina, wote wakiwa mezani. Ulikuwa hivi: "Hapo Ilham akamkumbatia baba yake, akasema, 'Baba, nimekusamehe.' Wakalia kwa furaha."

Abdulwakil aliinua uso kutoka kwenye bakuli. Alimtazama binti yake kama mtu anayesikia jina lake likiitwa.

"Babu," Ilham alimwambia msimulizi, "hilo sikulisema."

"Hata kwa mbali?"

"Nilimwambia tupande metro, teksi ni ghali. Basi."

Meza ikalipuka. "Amekamatwa!" alipiga kelele Mwatima. "Na ile ya chafya je?"

"Alipe!" alisema Nyokabi. "Meza nzima alipe, na nyama iongezwe!"

Msimulizi alijitetea kwamba mwisho mzuri haumdhuru mtu. Hakuna aliyemsikiliza. Akafuta maneno yale mbele yao, akasimama. Nyuma yake alimsikia Abdulwakil akiuliza kwa sauti ya chini:

"Hutalisema hata siku moja?"

"Kula, Baba," Ilham alisema. "Tambi zinapoa."

Kama walisema jingine, msimulizi hakulisikia. Alikuwa kaunta, analipa.