Mashine ya Kioo cha Kushoto

Shemeji, kabla sijakuomba ninachotaka kukuomba, nikiri kosa langu. Nilifungua kitambaa ambacho hakikuwa changu kukifungua.

Ilikuwa Jumatatu, jua linazama. Kioo cha mlango wa kushoto wa lile gari langu la mizigo kilikuwa kimedumbukia ndani ya mlango, hakipandi. Hapo ndipo anapokaa mama nikimpeleka kliniki. Na kifua chake unakijua: upepo na vumbi dakika kumi tu, usiku kucha anatafuta pumzi. Kliniki ilikuwa kesho yake.

Nikaingia yadi ya magari mabovu, mashine ya zamani ya kupandishia kioo mkononi, maana kifaa cha mtumba hakinunuliwi kwa maneno. Muuzaji, yule wanayemwita Nati, aliweka mbili mezani. Ya kwanza ilikuwa ya kulia. Akanitania kwamba wengi huondoka na hiyo, kama watu wanaovaa ndala gizani. Ya pili matundu ya nati yalilingana, matatu kwa matatu, lakini plagi ya mota ilikuwa na pini sita. Yangu ina tano. Akaniambia nirudi wiki ijayo, akaenda kufunga geti la nyuma.

Pembeni nikaliona gari kama langu. Toleo lile lile. Kwenye mpini wa mlango wa kushoto kulikuwa kumefungwa kitambaa cheupe.

Kila anayenunua pale anajua maana yake. Kuna mtu amefia ndani ya gari hilo, na ndugu zake hawajaja kumwombea. Haliguswi hata skrubu moja mpaka waje, na kitambaa wanakifungua wao.

Nilikifungua mimi. Nikakitia mfukoni.

Nati aliporudi nikamwuliza, na lile je? Akatazama mpini, akasita. Akauliza kama ndugu wamekuja. Nikasema wamekuja, nimepishana nao getini. Mungu anisamehe, mdomo huo huo ulikuwa umetoka kusali.

Matundu matatu. Pini tano. Nikaifunga mwenyewe, ikakaa kama imezaliwa mle. Ila wakati tunaichomoa kwenye lile gari, maji yalitoka mlangoni... meusi, yananuka tope. Na mvua ilikuwa haijanyesha mwezi mzima.

"Lilitolewa bwawani," Nati akanong'ona. "Walikuta vioo vyote viko juu."

Kesho yake tulifika kliniki salama. Wakati wa kurudi, giza linaanza kuingia, nikasikia...

Zzzz.

Kioo kinashuka. Sijagusa swichi. Nikakipandisha, kikashuka. Nikasimamisha gari, nikachomoa plagi kabisa, nikakisukuma juu kwa viganja. Tukaondoka.

Zzzz.

Harufu ya tope ikajaa garini.

"Muache, mwanangu," mama akasema taratibu. "Hana hewa."

Nikamwuliza nani. Alikuwa ameegemea ule uwazi, anasikiliza, anaitikia kwa kichwa kama anavyomwitikia jirani akimsimulia shida zake. Ndipo nikagundua kitu, shemeji. Kwa kila pumzi moja ya mama, nilikuwa nasikia mbili.

Yake... na nyingine.

Asubuhi nilirudi yadi na kitambaa, nikasema kweli yote. Nati hakunitukana. Afadhali angenitukana. Kwa maneno yangu alikuwa amelitoa lile gari, limekatwa, limeuzwa chuma chakavu. Ndugu walifika jana yake mchana, wakaomba dua mbele ya ardhi tupu yenye madoa ya oili, wakaenda zao. Hakujua wanakaa wapi. Nikang'oa mashine, nikamwachia. Nikakiinua kioo, nikakikaza kwa kabari ya mbao, nikaigonga kwa nyundo mpaka ikalia.

Jioni hiyo mama hakuwa chumbani. Nilimkuta garini, amekaa mahali pake. Kioo kiko chini kabisa. Kabari iko mapajani mwake, inachuruzika maji. Midomo yake ilikuwa imegeuka rangi ya zambarau, na anatabasamu.

"Tunapokezana," akasema.

Nimesali tangu siku hiyo. Nimefunga. Sijui ni nani aliyefia kwenye lile gari, mwanamume au mwanamke, na mama haniambii. Anasema mambo ya watu hayatangazwi. Daktari anamtaka tena kesho. Kwenye simu nilimweleza hali yake, akasema asikose, mapafu yale hayana wiki mbili. Mama amekubali kwenda, lakini kwa gari langu tu, mahali pale pale. Ameshaandaa nguo.

Shemeji, wewe una teksi. Nakuomba kesho umpeleke wewe. Mkalishe nyuma, katikati. Akikataa, mbebe.