Fomu Yetu Haikupokelewa

"Mwalimu, fomu hii siwezi kuipokea."

"Nimekosea wapi tena? Kama ni tarehe ya kuzaliwa, nipe kalamu nirekebishe."

"Hujakosea kitu. Kila kitu kipo."

"Basi piga muhuri, binti yangu. Leo ni siku njema."

Nozomi hakupiga muhuri. Nilimfundisha Kiingereza zamani, akilala dawati la nyuma karibu na hita ya mafuta. Siku hizi ni karani wa dirisha la tatu pale halmashauri, dirisha la vizazi, vifo na ndoa. Alizigeuza zile karatasi, akazigeuza tena, akaniangalia tai.

"Bi Katagiri yuko njiani?"

"Yuko kazini. Kwani lazima awepo? Juzi kwenye simu uliniambia mmoja anatosha."

"Kwa kawaida anatosha."

"Na kwetu?"

Akateremsha sauti. "Kuna ombi la kutopokelewa. Mtu akishaliweka, fomu yoyote ya ndoa yenye jina lake hairuhusiwi kupita hapa, mpaka aje mwenyewe na kitambulisho chake."

"Nani kaliweka?"

"Siruhusiwi kusema."

"Nozomi."

"Mwalimu, ombi hilo haliwekwi na mama mkwe. Wala jirani, wala mwajiri. Mtu analiweka kwa jina lake mwenyewe. Fikiria, lakini usiniingize matatani."

Akanirudishia fomu kwa mikono miwili, akainamisha kichwa. Nyuma yangu mzee mmoja aliyekuja kuandikisha kifo cha mkewe alikuwa anakohoa. Nikampisha.

Nje theluji ilikuwa imegeuka tope. Ilikuwa tarehe kumi na mbili Machi. Kibali changu cha kukaa Japani kilikuwa kimebakiza siku kumi na tisa, na kampuni iliyonikodisha kwa shule ilikwisha niandikia kwamba mkataba hautaongezwa. Nina miaka sitini na mmoja. Nilitoka Trinidad nikiwa kijana, nikapika melini, nikabeba mizigo Panama, nikafundisha Korea, na katika mji huu mdogo wa Tottori nimekaa miaka kumi na moja, kuliko mahali popote tangu nizaliwe. Bila ndoa ile, nilikuwa naondoka.

Na jana yake tu Chizuru alikuwa amekaa mezani kwangu, amejaza jina lake kwa herufi nzuri, amegonga muhuri wake mdogo mwekundu wa jina, akaupulizia wino ukauke.

"Nenda wewe, mwalimu," aliniambia. "Mimi kesho nina mchuzi wa watoto mia tatu."

Chizuru Katagiri, mjane wa miaka hamsini na mbili, anapika chakula cha mchana cha shule. Nilimpigia hapohapo ngazini. Haikupokelewa, jikoni simu haziingii. Nikaandika:

*"Dirishani wamenirudisha. Wewe unajua sababu. Nipigie."*

Saa nane na dakika kumi simu ikaonyesha amesoma. Saa kumi ukaingia ujumbe:

*"Umekula?"*

*"Sijala."*

*"Kula."*

Basi. Hakuna kingine.

Nilimkuta Renato kwenye mashine za kufulia za sarafu, karibu na stesheni. Huko ndiko tunakokutana Ijumaa zote za baridi, maana nguo kwetu hazikauki. Renato Magsino ni mwalimu mwenzangu, Mfilipino wa Batangas, miaka thelathini na nane. Yeye ndiye aliyesaini kama shahidi kwenye fomu yetu.

"Bwana harusi huyo!" akapiga kelele. "Mbona uso kama paka aliyemwagiwa maji?"

"Wamenirudisha."

Kicheko kikamkatika. Hakuuliza kwa nini. Akaanza kukunja soksi ambazo bado zilikuwa mbichi.

"Renato. Hujashangaa."

"Kaka, kaa kwanza."

"Sikai. Sema."

"Chizuru alikuja kwangu Jumapili na ile fomu," alisema. "Kwa wenyeji wa hapa, shahidi ni mtu wa kusaini tu. Unampelekea hata mwenye duka la jirani, anaweka jina, mnakunywa chai. Yeye alivua viatu, akakaa sakafuni, akaniuliza: 'Bwana Renato, hapa pameandikwa shahidi. Wewe unashuhudia nini?'"

"Ukamwambiaje?"

"Nikamwambia nashuhudia mnapendana. Akaniuliza, 'Umeona kwa macho yako, au umeambiwa?' Kaka, alikuwa hatanii. Kanikazia macho."

"Ukamwonyesha simu."

Akageukia mashine iliyokuwa inazungusha mashati yake.

"Renato, ulimwonyesha simu?"

"Nilimwonyesha."

Nilijua ni ujumbe gani. Mwaka wa juzi, Oktoba, kwenye kundi letu la walimu wageni, niliandika kwa mkono wangu:

*"Wandugu, kwa uzee huu mkataba wangu haufiki mbali. Njia rahisi ya kubaki ni kuoa. Yule mjane wa jikoni anafaa: nyumba anayo, kupika anajua, na hana wa kumuuliza."*

Walicheka wote. Renato naye alicheka, tena sana.

"Mbwa wewe," nikamwambia. "Ule ulikuwa mzaha!"

"Ndiyo."

"Na yeye hajui Kiingereza!"

"Alinifanya nitafsiri neno kwa neno. Mara mbili. Pale pa 'hana wa kumuuliza' akaniambia nirudie."

"Miaka sita nakuita mdogo wangu, Renato. Nimekulipia meno!"

"Na yeye miaka sita ananiletea supu!" Sauti ikampanda, mama mmoja aliyekuwa anasubiri blanketi akatoka nje. "Mama yangu alipokufa nikakosa nauli, nani alikaa na mimi siku tatu? Ni wewe? Wewe ulikwenda kuvua samaki! Nisingeweza kuandika jina langu juu ya kitu ambacho sina uhakika nacho."

"Lakini uliliandika!"

"Aliniambia niandike. Akasema, 'Saini tu, Bwana Renato. Sasa umeshuhudia.'"

Nikaondoka. Wahenga husema ulimi uliponza kichwa. Wangu haukuponza kichwa changu tu.

Chizuru alinifungulia mlango kabla sijabonyeza kengele. Aliniacha pale chini pa kuvulia viatu, yeye amesimama juu kwenye sakafu ya mbao, mikono kwenye aproni. Miezi yote hii alikuwa anasogeza ndara za wageni ili nipande. Siku ile ndara zilibaki rafuni.

"Ni wewe mwenyewe uliyeandika?"

"Ni mimi."

"Ulikuwa umelewa?"

"Nilikuwa nimekunywa bia moja."

"Basi hukulewa."

"Chizuru, nisikilize. Ule ulikuwa upuuzi wa wanaume."

"Oktoba uliandika. Novemba ukanialika kahawa."

"Ndiyo."

"Nikanunua koti." Alisema hivyo tu, nikatamani sakafu inimeze. "Miaka tisa tangu mume wangu afe sijanunua koti. Nikanunua la rangi ya chai, ili nikanywe kahawa."

"Nilikupenda baadaye. Nakuapia. Nilipougua kifua, ukanitundikia mfuko wa machenza kwenye kitasa, bila barua, bila kubisha. Nikatoka, nikaona nyayo zako kwenye theluji zimekuja na kurudi. Siku ile mzaha ulikufa."

"Siku gani?"

"Februari."

Akahesabu kwa vidole, polepole, kama anavyohesabu vijiko jikoni. "Novemba, Desemba, Januari. Miezi mitatu nakunywa kahawa na mzaha."

"Kwa nini hukuniambia Jumapili? Kwa nini uliniacha niende pale na tai shingoni, mbele ya mtoto niliyemfundisha?"

"Nilishindwa kukukatalia usoni. Nikasema, acha dirisha liseme." Macho yalianza kumjaa. "Na kitu kingine. Nilitaka, kama siku ya ndoa ipo, miguu yangu mwenyewe inifikishe pale, nikijua ninaolewa na nini."

"Kwa hiyo siku bado ipo?"

Akatazama viatu vyangu. Ndani ikasikika sauti ya kizee ya mama mkwe, ambaye Chizuru anamtunza tangu mumewe afariki:

"Chizuru! Nani huyo?"

"Ni mwalimu, mama."

"Mwambie apande! Mnamgandisha mtu mlangoni!"

"Anaondoka, mama."

Nikaondoka.

Kwa siku kumi hakujibu ujumbe hata mmoja. Alisoma zote. Renato ndiye aliyekuja kwangu siku ya nne, kasimama mvuani na anwani kwenye karatasi.

"Kaka, nitukane baadaye. Mji wa pili kuna mzee anaitwa Onoda, ana darasa la watoto la jioni. Mwalimu wake amerudi Kanada ghafla. Nimemwambia habari zako."

"Ndoa yangu huwezi kuirudisha, sasa unanitafutia kazi?"

"Ukipata kibali kwa kazi, utamwoa mtu bila kuhitaji kibali. Si ndivyo? Atakosa la kusema."

Nilimtazama. Mjinga yule alikuwa na akili kuliko mimi.

Mzee Onoda alinipokea kwa chai ya shayiri.

"Watoto wengine wana miaka mitano," akasema. "Unaweza kukimbia nao?"

"Magoti yananiuma."

"Yangu pia. Basi tutafundisha tumekaa."

Tarehe ishirini na mbili nikasaini. Tarehe ishirini na tatu nikapeleka maombi uhamiaji, wakaniambia nitaruhusiwa kukaa nikisubiri jibu. Tarehe ishirini na nne, siku ya mwisho ya chakula kabla shule hazijafungwa, nikakimbia, na magoti yangu yale, mpaka mlango wa nyuma wa jiko la shule. Wanawake walikuwa wanasuuza mabuti ya mpira kwa bomba.

"Chizuru! Mgeni wako wa Kiingereza!" mmoja akaita.

"Kaleta maua?" mwingine akadakia.

"Kaleta karatasi! Hawa walimu hawajui kingine!"

Wakacheka. Chizuru akatoka na kofia yake nyeupe, barakoa imeshushwa kidevuni. Nilikuwa natweta. Nikamnyooshea mkataba.

"Nimepata kazi. Soma. Kibali kitatoka kwa kazi hii. Kwako sihitaji karatasi tena, Chizuru, sihitaji nyumba, sihitaji kupikiwa. Nakuhitaji wewe. Twende dirishani leo, au mwaka kesho, au tusiende kabisa. Chagua wewe."

Akafuta mikono, akaupokea, akausoma wote, hata maandishi madogo ya chini. Wenzake walikuwa wamezima bomba. Nikaona bega lake linalegea, nikasema moyoni, imekwisha, nimeokoka.

"Umeipata lini?"

"Juzi."

"Uliitafuta siku ngapi?"

"Siku sita. Renato alinisaidia. Mzee mwenyewe mzuri sana, utampenda."

"Siku sita," akasema.

"Ndiyo! Umeona? Ilikuwa ipo tu."

Akanirudishia mkataba. Kwa mikono miwili.

"Kama ni siku sita, mwalimu, kwa nini hukuitafuta kwanza, ndipo uje kuniomba?"

Nikaukunja mkataba. Kampuni iliponiandikia Desemba kwamba hawaniongezei, sikufungua gazeti, sikumpigia mtu. Nilikwenda moja kwa moja nyumbani kwake na keki. Nilimpenda, hiyo ni kweli ya Mungu. Na nilikwenda kwake kwa sababu ya karatasi, nayo ni kweli. Mpaka dakika ile nilikuwa sijawahi kuziweka pamoja nikazitazama.

"Sijui," nikasema.

"Asante." Machozi yalikuwa yanamtiririka, na hakuyafuta, kwa sababu mikono ya mpishi haigusi uso. "Ungesema kingine, ningekuamini. Nilikuwa tayari kukuamini."

"Chizuru, usinifanyie hivi. Nikae hapa bila wewe nifanye nini?"

"Ulichokuja kufanya."

Akapandisha barakoa, akaingia ndani. Yule mwanamke mchokozi wa maua alinitazama, kisha akafungua tena bomba, polepole, maji yasinirukie.

Kibali kilitoka Mei. Niliendelea kumwandikia kila Jumapili mpaka ulipofika mwezi wa sita, ndipo nikaacha, maana niliona namchosha mtu ambaye ni mpole mno kunizuia. Renato aliomba uhamisho Okayama. Tuliagana stesheni kwa kushikana mikono kama watu waliofahamiana basini.

Wiki iliyopita nilikuwa dukani saa ile wanabandika vyakula alama za nusu bei. Nikanyoosha mkono kuchukua tofu, ile jibini ya soya, na mkono mwingine ukanyooshwa pia, ukarudi nyuma. Niliujua kabla sijainua macho. Una kovu la mafuta karibu na kidole gumba.

"Samahani. Chukua wewe, mwalimu."

"Hapana, chukua wewe."

"Mama hali tofu siku hizi. Chukua."

Nikachukua. Alikuwa amekata nywele. Lile koti la rangi ya chai hakulivaa, lakini ilikuwa Juni, nani avae koti Juni.

"Kibali kimetoka?" akaniuliza.

"Kimetoka. Miaka mitatu."

"Miaka mitatu," akasema, na uso wake ukang'aa kidogo, kwa furaha ya kweli, kama mtu aliyesikia mtoto wa jirani amefaulu mtihani. "Kwa hiyo umebaki."

"Nimebaki."

"Hongera sana."

Akaweka kikapu chini, akanyoosha mgongo, mikono akaibana mapajani, akainama mpaka chini kabisa, vile wenye duka wanavyomwinamia mteja. Kisha akaokota kikapu chake akaenda kupanga foleni. Nilibaki pale mbele ya friji nikiwa na tofu ya nusu bei mkononi, mkazi halali wa mji ule kwa miaka mitatu.