Kibanja Namba 217

Kwanza ilikuwa harufu. Jumatatu moja ya Agosti 1998, katika ofisi ya mradi wa kupima mashamba pale Kihanga, kompyuta ya kukunja ilinuka kahawa inayoungua, na hapakuwa na mtu aliyekaanga kahawa.

Projest, karani wa ramani, aliweka kiganja chini yake akakitoa upesi. Fundi aliyeileta alimweleza kwamba prosesa, sehemu inayofikiri, hupata moto ikipewa kazi nyingi kwa mpigo, na kuchora vibanja mia nne ilikuwa kazi nyingi. Akafanya alivyofundishwa. Akapuliza vumbi kwenye feni, akaisogeza mbali na jua, akafunga kazi nyingine zote. Ikazidi. Jumanne akaiinua juu ya vijiti viwili ili hewa ipite chini. Vilivyokuwa karibu vilikuwa vya omulamula, mti wa mpaka, alivyotupa nyuma ya ofisi mwezi Juni.

Hapo alikosea mara ya pili. Kwao omulamula haung'olewi, na uking'olewa hauingizwi ndani. Alikuwa ameung'oa mwenyewe mpakani mwa shamba lake na la Kantengwa, mjane wa Kinyarwanda, akausogeza mpaka hatua arobaini ndani ya shamba la mjane huyo, akauchora hivyo kwenye ramani. Mama huyo alipokuja kulalamika, Projest alimwambia akae nje, faili linatafutwa. Alikaa siku tatu juani, hakupewa hata maji. Siku ya nne alizikwa.

Ramani ilitakiwa Bukoba Ijumaa. Ikigongwa muhuri, Adelgunda, binti wa marehemu, angebaki na nyumba na kaburi tu.

Jumatano Projest alipunguza mzigo. Vibanja mia mbili, hamsini, kumi: mashine ikachora kimya. Akabakiza kimoja, namba 217, cha Kantengwa, ambacho mtu angeweza kukichora kwa fimbo kwenye vumbi, na hapo feni ikaanza kuvuta pumzi kama mtu mwenye midomo iliyopasuka, harufu ikajaa chumba mpaka machozi yakamtoka, mstari wa mpaka ukaanza kurudi wenyewe ulikokuwa zamani, hatua baada ya hatua, huku vitufe vikimchoma vidole naye hawezi kuvibandua, na chini ya mlio ule akasikia sauti ndogo, ya upole, ikitokea upande wa mlango uliokuwa wazi na mtupu.

“Nisubiri bado, mwanangu?”

Mkewe, Anatolia, alimfunga vidole kwa kitambaa. Alipomaliza kusikiliza alisema kwa kunong'ona, “Baba Yustus, rudisha. Kesho asubuhi, kabla jua halijapanda.”

Alirudisha. Alhamisi alivifukia vijiti mpakani pa zamani, akasahihisha ramani, na mashine ikachora vibanja vyote mia nne ikiwa baridi kama mtungi. Kisha akaenda kwa Adelgunda, akamkuta anapukuchua maharage uani, akapiga magoti na kukiri yote.

Adelgunda hakuinua macho. “Mpaka nimeuona, kaka Projest. Asante. Na zile siku tatu?”

Projest aliinuka akaenda zake. Alipofika kwake alikuwa anawaka. Anatolia alimwekea kitambaa chenye maji kifuani, kikakauka akiwa bado amekishika. Ndani hakukalika, wakimwingiza anatambaa kurudi uani, juani, na maji yakifika mdomoni anayatema, anasema yanachemka. Jumamosi, siku ya tatu, Anatolia alikwenda kumwomba Adelgunda aje aseme neno moja tu la kusamehe.

Adelgunda alikuja na kikombe cha maji baridi. Anatolia alimshukuru Mungu kwa sauti. Mgeni akakiweka kikombe chini, mbali kidogo na mkono wa Projest, akaketi, akatulia kama mtu aliyekuja kushinda.

Alikuwa ameketi peke yake. Kwenye vumbi vilikuwa vivuli viwili, na kile cha pili ndicho kilichonyoosha mkono, kikakisogeza kikombe mbali zaidi.