Nyumba Ndani ya Debe

Jioni ile Ikupa alitoka kununua mkaa tu. Mkaa! Angejua, angelala njaa.

Manyunyu ya Tukuyu yalikuwa yameanza. Alikifunga chumba chake cha kupanga kwa kufuli mbili, maana chini ya kitanda, kwenye debe la mchele, zilifukiwa fedha zote za nyumba yake ya kijijini Masoko. Aliijenga na marehemu mumewe, Ambindwile, na sasa ameiuza kimyakimya ili anunue nyingine Kiwira, karibu na bintiye Lilian. Kuziweka benki alikataa katakata. Ukionekana tu kwenye foleni pale, mashemeji wanajua, na wakijua, nyumba ya Kiwira utaisikia redioni.

Kwa woga huohuo, hakumuaga marehemu. Kwao mtu huzikwa nyumbani, na Ambindwile alilala migombani, nyuma ya jiko. Anayehama hukusanya ndugu, wakasimama kaburini wakasema, "Sisi tunahama, wewe baki salama." Ikupa alipakia vyombo, akaondoka bila kugeuza shingo.

Aliporudi na mkaa, mwenye nyumba wake, Safina, alikuwa barazani akichambua dagaa.

"Pole na mvua, mama Lilian. Mbona hukuniambia mzee anakuja?"

"Mzee gani?"

"Si mumeo, mwenyewe kasema! Nimemkuta mlangoni kwako, kalowa chapachapa. Nikamwambia mwenye funguo katoka. Akanishukuru kwa Kinyakyusa, 'Ndaga,' sauti imemkauka. Kugeuka hivi... simwoni."

Mfuko wa mkaa ukamponyoka Ikupa.

"Kavaaje?" alinong'ona.

"Koti la kahawia. Mkono mmoja umeshonwa kwa uzi mwekundu."

Mkono ule aliushona Ikupa mwenyewe, asubuhi ya mazishi, kabla marehemu hajavishwa koti.

Kufuli zote mbili zilikuwa zimefungwa vilevile. Akafungua.

Harufu ikampokea. Udongo mbichi, udongo wa migombani...

Nyayo za matope zilianzia katikati ya chumba, zikaishia kitandani. Za kurudi hazikuwepo.

Chini ya kitanda, mtu akakohoa.

Kikohozi kile aliishi nacho miaka ishirini.

"Ikupa... nyumba yangu mbona umeitia kwenye debe?"

Usiku ule Ikupa alilala kwa Safina, kama kulala ni kukodoa macho. Kulipokucha akalivuta debe. Hakikupungua kitu, ila mchele ulikuwa wa baridi na umelowa. Akabeba fedha mbiombio hadi benki. Mashemeji na wajue, potelea mbali!

Tangu siku hiyo chumba kikatulia. Akapata usingizi, hata akaanza kujicheka.

Wiki iliyofuata muuzaji wa Kiwira alitaka fedha zake, naye Ikupa akaenda benki kuzitoa. Mlinzi alipomwona akasimama.

"Shikamoo, mama. Afadhali umekuja."

"Marahaba. Kuna nini?"

"Yule mzee wako wa koti la kahawia, uliyekuja naye wiki iliyopita. Tukifunga, anabaki mlangoni na mvua yote hii. Tunamwambia aende nyumbani. Anasema nyumba yake imo humu ndani."

Fedha Ikupa alizitoa, afanyeje? Bila hizo hana pa kuzeekea. Akatoka akiukumbatia mkoba, na ngazini harufu ya udongo ikamfika puani. Machozi yakamtoka.

"Mimi nahama, Ambindwile," alinong'ona bila kugeuka. "Wewe baki salama."

Kisha kikohozi, karibu kabisa na sikio lake.

"Nibaki wapi, Ikupa?"