Kibanio Puani

Kila alfajiri, kabla ya kuvaa sare ya shule, msichana waliyemwita Pua alilifuta jiko la gesi. Lilikuwa jiko kubwa, plati nne juu na oveni chini, na ndilo lililoilisha nyumba ile, maana mama yake mdogo alikuwa mwoka keki za sherehe. Pua aliinua vyuma, akazibua matundu ya plati kwa sindano, akakwangua siagi na sukari iliyogandia pembeni. Tundu likiziba, moto hugeuka wa njano na sufuria hutoka na masizi. Sufuria ikitoka na masizi, Pua hakunywa chai.

Mama yake mzazi alikuwa amefariki. Siku ya msiba, mama mdogo alisimama mbele ya watu akasema, "Huyu ni wangu, nitamlea." Watu wakamsifu sana. Sifa zikaisha, mtoto akabaki.

Jina la Pua alipewa na Kidosho, binti wa mama mdogo, aliyesoma naye shule moja na kumzidi kidogo kwa umri na sana kwa maneno. Nyumba nzima ilimwita Kidosho kwa uzuri wake, naye alilivaa jina hilo kama hereni. Jina la Pua lilianza asubuhi moja Pua alipokuwa akifuta mpira wa gesi, ule unaotoka kwenye mtungi na kupita nyuma ya oveni. Kitambaa kilikuwa na sabuni. Mahali fulani, karibu na mgongo wa oveni ambapo joto huuchoma mpira kila siku, povu lilianza kuvimba lenyewe, likapasuka, likavimba tena. Kisha akasikia harufu, kama ya yai viza.

"Mama," alisema, "gesi inatoka. Nasikia harufu nyuma ya oveni."

Mama mdogo alikuwa na mafua ambayo hayakwisha, kwa sababu ya unga. Alivuta pumzi. "Mimi sisikii kitu. Kidosho, unasikia?"

"Nasikia harufu ya uvivu," alisema Kidosho. "Hataki kuosha makopo ya keki, basi amepata pua."

Wakacheka. Toka hapo akawa Pua. Akipita, Kidosho alinusanusa hewa kama mbwa. Akichelewa kuitika, mama mdogo alisema, "Ita vizuri, labda masikio yake nayo yamehamia puani." Pua aliendelea kufuta mpira kwa sabuni kila asubuhi, na kila asubuhi povu lilivimba.

Siku moja walikuja wageni kuonja keki ya harusi. Mama mdogo aliomba dua ndefu juu ya chakula, sauti yake ikipanda na kushuka, naye Pua alisimama mlangoni na sinia. Dua ilipokwisha, mgeni mmoja alisema, "Kama nasikia harufu."

"Ni gesi," alisema Pua. "Mpira umepasuka nyuma ya oveni. Nilisema."

Mama mdogo alitabasamu kwa meno tu. Wageni walipoondoka, alimshika Pua sikio, akampeleka jikoni, akamsimamisha nyuma ya oveni.

"Nusa," alisema. "Nusa mpaka ushibe. Chakula cha leo ni hicho."

Siku ya keki ile ya harusi ilifika. Ilikuwa keki ya ngazi tatu, na mama mdogo alikuwa na haraka isiyo na breki. Madirisha ya jikoni yalifungwa yote ili vumbi lisiguse krimu. Katikati ya kuoka, moto wa oveni ukanywea, ukazimika. Mtungi ulikuwa umekwisha.

"Mwiteni muuza gesi," alisema mama mdogo. "Na wewe Pua, leo sitaki kusikia neno. Mwenye keki yuko sebuleni. Ukinitia aibu leo, utalala kwa mjomba wako, uchunge mbuzi hadi uzeeke."

Pua alilijua tishio hilo. Kwa mjomba hakukuwa na shule. Naye alikuwa darasa la mtihani, na kitu pekee alichokiita chake duniani kilikuwa kiti chake cha mbele, karibu na ubao.

"Mama, usijali," alisema Kidosho. Alikwenda uani, akachomoa kibanio cha nguo kwenye kamba, akarudi akakibana puani mwa Pua. "Haya. Habari za gesi zimekwisha leo."

Mama mdogo alicheka mpaka akashika meza. "Asikitoe mpaka keki itoke," alisema. "Nenda uani ukaoshe makopo."

Pua akaenda. Kibanio kilikuwa cha mbao chenye chuma kikali. Alipumua kwa mdomo, na machozi yalimtoka bila yeye kulia.

Mtungi mpya ulipoletwa, ni Kidosho aliyeuchukua. Aliubana kwenye regulata, ile kofia inayounganisha mpira na mtungi, akazungusha mpaka ikakaza, akaifungulia gesi ipite, akalisukuma jiko lirudi ukutani. Kwa kusukuma huko, mpira uliochoka ukavutika. Hakuangalia. Akarudi kwenye kioo chake.

Kutoka sebuleni, ambako alikuwa akimwonyesha mteja maua ya sukari, mama mdogo aliita, "Kidosho, gesi umeifunga?"

"Nimeifunga, mama."

Mama mdogo akaendelea na maua yake, moyo umetulia.

Baadaye Pua aliingia jikoni na makopo safi, akayaweka karibu na mlango, akatoka. Jikoni kulikuwa kumejaa gesi kutoka sakafuni kwenda juu. Pua iliyoijua harufu ile kuliko mtu yeyote nyumbani ilikuwa imebanwa kwa kibanio. Hakusikia kitu.

Mteja aliondoka. Mama mdogo akaingia jikoni, akafunga mlango nyuma yake. Alikuwa na desturi moja mbaya: aliwasha kiberiti kwanza, ndipo akainama kufungulia gesi.

Alikiwasha.

Mlio haukuwa mkubwa. Ulikuwa kama shuka nzito inayokung'utwa mara moja. Pua alipofungua mlango, aliona mama mdogo amesimama katikati ya jikoni, mikono ameinua, nyusi hazipo, na mikono ile inatoa moshi. Nyuma ya oveni ulimi wa moto ulikuwa ukilamba ukuta.

Pua aling'oa kibanio. Alimvuta mama mdogo mpaka uani. Kisha akalowesha gunia la kufutia miguu, akajifunika nalo mkono, akaingia tena, akapiga magoti mbele ya mtungi na kuzungusha regulata. Ulimi wa moto ukafifia, ukafa. Akafungua madirisha yote.

Uani, Kidosho alikuwa amebeba dawa ya meno. "Nimpake, inapoza."

"Usimpake kitu," alisema Pua. "Maji. Fungua bomba, aweke mikono chini ya maji, na usifunge."

Maji yalitiririka juu ya mikono ya mama mdogo mpaka jirani alipopata gari. Kwenye zahanati, muuguzi aliitazama ile mikono akauliza nani aliyeweka maji. "Angepakwa dawa ya meno," alisema, "sasa hivi ningekuwa naibandua pamoja na ngozi."

Mama mdogo alikuwa akimtazama Pua kwa macho yasiyo na nyusi.

"Ni wewe," alisema.

"Mama?"

"Nilimuuliza Kidosho kama gesi imefungwa, akasema ameifunga. Baada yake hakuingia mtu ila wewe na makopo yako. Umeifungua makusudi, ili nikione kile unachokihubiri kila siku. Ulitaka pua yako ishinde."

Pua alimgeukia Kidosho. Kidosho alikuwa akitazama sakafu, na shingo yake nzuri ilikuwa imepauka.

Siku zilizofuata, mikono ya mama mdogo ikiwa ndani ya bandeji kama mikate miwili, Pua ndiye aliyemlisha. Alipuliza uji, akanyoosha kijiko. Mama mdogo alimeza na kusema, "Usinipulizie karibu. Bandeji hizi zikitoka tu, unaondoka." Siku nyingine alimwita Kidosho mbele ya Pua. "Lete sare yake ya shule na mkasi. Huko anakokwenda mbuzi hawavai sare. Ikate vitambaa vya kufutia jiko."

Kidosho alisita. "Mama, yote?"

"Yote."

Mkasi ukapita. Pua alitazama sketi yake ikiwa vipande, akaviokota, akavikunja vizuri, akaviweka kwenye droo ya jikoni mahali pa vitambaa. Hakulia mpaka alipofika uani.

Mteja wa harusi alikuwa amepata keki kwingine, lakini wateja wengine walikuwa wakisubiri. Kwa hiyo aliitwa fundi wa majiko, mama mmoja mnene wa ovaroli, mwenye kuongea na vifaa vyake kama watoto wake. Mama mdogo aliketi kwenye kiti jikoni amsimamie. Kidosho alisimama mlangoni, Pua akashika tochi.

Fundi alilivuta jiko, akautoa ule mpira wa zamani, akaukunja. Ulikuwa umepasuka nyufa kama kisigino cha mkulima.

"Mpira huu ulikufa zamani," alisema. "Mlikuwa mnasubiri kuuzika tu. Na nani aliyeupitisha kwenye mgongo wa oveni? Mpira haupendi joto, mama, upite pembeni." Akafunga mpira mpya kwa vibano vya chuma. "Nipeni kitambaa chenye sabuni."

Pua alifungua droo, akampa. Fundi alikipaka sabuni, kisha akakigeuza. Nembo ya shule ilikuwa katikati.

"Hii si sare?" aliuliza.

"Ilikuwa," alisema Pua.

Fundi alimtazama mama mdogo. Akapaka povu kwenye kila kiungo, akasubiri. Povu halikuvimba. Akajifuta mikono. "Haya mama. Nimefunga."

Mama mdogo alikunja uso. "Umefunga tena ya nini? Nimekuita unifungulie, nataka kuoka."

"Nimeufunga mtungi, mama. Nimeuunganisha. Ukitaka moto, uko tayari."

Mama mdogo alimtazama fundi, akautazama mtungi, kisha polepole akageuza kichwa mlangoni.

"Kidosho," alisema. "Siku ile nilikuuliza, gesi umeifunga. Ukasema umeifunga. Uliifunga vipi?"

Kidosho aliingia hatua moja jikoni. "Niliuunganisha mtungi, mama. Nilidhani unauliza kama nimeshaufunga mtungi mpya. Gesi niliiacha wazi ipite."

"Na ulijua lini kwamba hatukuelewana?"

"Zahanati. Uliposema ni yeye." Machozi yalimtoka. "Nikaogopa. Nikasema nitasema kesho. Kila kesho ikawa ngumu kuliko jana."

"Na sare ukaikata."

"Nikaikata."

Fundi alianza kukusanya spana zake bila kelele. Mama mdogo aliitazama mikono yake ndani ya bandeji. Kisha akasema, "Leta kibanio. Mbane dada yako puani, Pua. Akae nacho mpaka jioni, aonje."

Pua alikitoa kibanio mfukoni mwa aproni. Alikuwa amekihifadhi tangu siku ile. Kidosho alifumba macho, akanyoosha uso.

"Hapana, mama," alisema Pua. "Mwache na pua yake. Nyumba yenye gesi, pua mbili ni bora kuliko moja." Akakirudisha mfukoni.

Mama mdogo hakuwa mtu wa kuomba radhi, na kuomba kulimtoka kama mwiba. "Nimeshinda nikifundisha watoto kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu," alisema. "Kumbe mkuu asiyesikia la mtoto huungua mikono. Sikilizeni wote wawili. Mungu hakumpa mtu pua bure, na mimi niliiziba kwa kibanio kwa sababu ilisema nisilotaka. Kidosho, kosa la neno ni la wote, mimi niliuliza vibaya, wewe ukajibu vibaya. Lakini kunyamaza mwenzako akibeba kosa lako, hilo ni lako peke yako. Sare yako iliyo kabatini ni yake kuanzia leo. Wewe utavaa ile ya zamani, fupi ifupike, mpaka utakapomshonea nyingine kwa mkono wako."

"Ndiyo, mama."

"Na jikoni humu neno 'nimefunga' silitaki tena. Ukizima, sema nimezima. Ukiunganisha, sema nimeunganisha. Usiku regulata izimwe. Kabla ya moto, dirisha liwe wazi. Ukisikia harufu, usiwashe kiberiti wala taa. Zima mtungi, fungua milango, utoke. Na kiberiti..." Akainua bandeji zake. "Kiberiti, msinifuate mimi. Nilikuwa nakosea miaka yote."

Asubuhi ya Jumatatu Pua alivaa sare iliyompwaya mabegani, akakaa kwenye kiti chake cha mbele, karibu na ubao. Jina halikumtoka. Majina ya utani hayang'oki kama kibanio. Lakini kuanzia hapo, kabla ya kupika, mama mdogo alisimama mlangoni mwa jikoni, mikono yake ikiwa na makovu yanayong'aa, na kusubiri.

"Pua," aliuliza, "unasikia nini?"

Pua aliinama nyuma ya oveni, akavuta pumzi bila haraka.

"Sisikii kitu, mama."

"Haya. Washa."