Leonsia Aliyeshindwa Kukataa

Kila siku meli ilipofika kutoka Bukoba, ng'ambo ya ziwa, nyumba ya Leonsia haikuwa ya Leonsia. Ilikuwa ya wageni.

Meli ilifika asubuhi. Saa tatu haijafika, tulikuwa tunawaona wakipanda njia ya Butimba na mikungu ya ndizi kichwani. Wengine walikuja kutibiwa katika hospitali kubwa. Wengine walikuja kununua mitumba, maana miaka ile kila mtu alitaka kuwa mfanyabiashara. Wote walikuwa ndugu, au ndugu wa ndugu, au watu waliotoka kijiji kimoja na ndugu wa ndugu. Leonsia aliwapokea wote. Ukimwomba chochote alikuwa na jibu moja tu: "Hakuna shida."

Mimi ni jirani yake. Naitwa Kashindye, nafundisha kisomo cha watu wazima. Ukuta wangu na wake ni mmoja, kwa hiyo haya siyasimulii kwa kusikia kwa watu. Na niseme ukweli mapema. Hata mimi nilimtumia. Mikeka ya darasa langu alikuwa anafua nani? Leonsia. Sikuwahi kumwuliza kama amechoka. Nilijua angesema hajachoka, na jibu hilo lilinifaa.

Alfajiri alikwenda kununua mapanki. Hayo ni mifupa na vichwa vya sangara vinavyobaki kiwandani baada ya minofu kukatwa na kupelekwa nje. Aliyakaanga na kuyauza sokoni mpaka mchana. Mumewe, Muganyizi, alikuwa amepunguzwa kazi katika kiwanda cha nguo, akawa anazunguka mjini kutafuta vibarua. Binti yao, Kokugonza, alikuwa na miaka kumi na miwili. Tulimwita Koku.

Akirudi mchana, Leonsia aliwapikia wageni. Jumamosi alikwenda kusali na jumuiya yetu ndogo ya Kanisa. Mwenyekiti wetu, mzee Shimba, aliuliza nani atapika msibani, nani atafua vitambaa vya altare. Kimya. Kisha macho yetu yote yalimwendea Leonsia. Aliinamisha kichwa na kusema hakuna shida. Tulimpigia makofi, tukaenda nyumbani kupumzika. Ndivyo tulivyoishi naye. Tulimsifu, naye akakonda.

Mwaka 1993, mwezi wa nne, mvua zilinyesha sana na mbu walikuwa wengi. Nyumbani kwa Leonsia kulikuwa na wageni watano. Koku alikuwa amempisha mgeni kitanda chake. Chandarua chake kilibaki na kitanda. Yeye alilala jikoni kwenye mkeka, bila chandarua, wiki mbili nzima. Asubuhi alichota maji ya watu wote, ndoo sita au saba, kisha ndipo aende shule.

Siku moja nilimwona ameegemea ukuta, macho mekundu. Nilimwuliza kama anaumwa. Akasema hapana, mwalimu, hakuna shida. Mama yake naye, kabla ya kwenda sokoni, alikuwa amemgusa paji la uso, akamwuliza, akajibiwa vile vile. Mgeni mmoja alikuwa anaita maji ya kuoga. Koku akachukua ndoo.

Alianguka pale bombani. Ndoo ilimwagika, na wanawake waliokuwa kwenye foleni wakapiga kelele. Nilifika nikamkuta anatetemeka, hajui aliko. Mimi na mama mmoja tulimbeba mpaka zahanati. Leonsia alitukuta njiani, amekuja mbio kutoka sokoni na aproni yake ya mafuta.

Mganga wa zahanati, Bwana Mayala, alimpima damu. Ilikuwa malaria, tena kali. Akamtundikia dripu ya kwinini.

"Homa hii ina siku nne," alisema. "Mbona mmemleta leo?"

Leonsia alisema alimwuliza mtoto, naye akasema haumwi. Mganga alitikisa kichwa. Alisema mtoto mwenye homa aletwe siku hiyo hiyo, asisubiriwe akubali kwamba anaumwa. Na chandarua, alisema, ni cha mtoto kwanza. Mgeni mzima ana nguvu kuliko mtoto.

Siku ya pili Koku alifumbua macho. Mama yake alimwuliza taratibu kwa nini alificha. Mtoto alijibu kwa sauti ndogo sana:

"Wewe ukiumwa huwa husemi. Niliogopa watu watakasirika."

Leonsia alitoka nje, akakaa chini kwenye simenti. Hakulia. Alikaa tu, kama mtu aliyeshushiwa mzigo begani akakuta bega limevunjika. Nilikaa naye. Niliona aibu, kwa sababu na mimi nilikuwa mmoja wa watu hao.

Aliyetusaidia ni Mama Dorotea. Huyu alikuwa nesi zamani, kisha akawa katekista wetu. Miguu yake inavimba, na hana maneno ya kubembeleza. Alikuja kumwona Koku akiwa amesharudi nyumbani, nami nilikuwepo. Leonsia alimwamkia shikamoo, akaanza mara moja kutafuta kiti kizuri, chai, na kikombe ambacho hakijavunjika mkono. Mama Dorotea alimwambia akae.

Leonsia alikaa. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza mwaka ule kumwona amekaa nyumbani mchana. Kisha maneno yakamtoka. Mama yake alifariki Leonsia akiwa na miaka mitano. Alilelewa na shangazi yake huko Muleba, katika nyumba yenye watoto tisa. Jioni shangazi alipakua ndizi huku akisema nani amekuwa mtoto mzuri siku hiyo. Aliyekataa kutumwa alipakuliwa mwisho. Akikataa tena aliambiwa atarudishwa kwa baba yake, na baba alikuwa mlevi. Leonsia alijifunza kuitika "abee, naja" kabla hajajua anaitiwa nini.

Mama Dorotea alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza:

"Sasa watu wakikuomba kitu, moyoni unamjibu nani?"

"Shangazi," alisema Leonsia.

"Alifariki lini?"

"Mwaka sabini na tisa."

"Basi amekufa miaka kumi na minne, na wewe bado unamwogopa atakunyima ndizi."

Nilitaka kucheka, lakini Leonsia hakucheka. Alifunika uso kwa kanga. Akakiri jambo ambalo hakuwahi kumwambia mtu. Alisema anawachukia wageni. Anawachekea mlangoni, na jikoni anawalaani. Kuna wiki aliomba meli isifike. Alisema yeye ni Mkristo mbaya.

Mama Dorotea alisema si mbaya, amechoka. Alimweleza kwamba kusaidia kwa upendo na kusaidia kwa hofu havifanani, ingawa mikono inafanya kazi ile ile. Anayesaidia kwa upendo anaweza pia kusema leo siwezi. Anayesaidia kwa hofu hawezi, na hasira inabaki moyoni kama masizi kwenye sufuria. Hata Yesu, alisema, watu walimtafuta na wagonjwa wao, naye mara nyingine aliwaacha akaenda peke yake kusali.

"Mungu si shangazi yako," alisema. "Hakupimii chakula kwa kazi. Alikupenda kabla hujashika ndoo."

Kisha akamfundisha namna. Mtu akikuomba kitu, usijibu hapo hapo. Vuta pumzi. Sali moyoni sala fupi: Bwana, nisaidie niseme kweli. Jiulize kama una nguvu, na kama mtoto wako ataumia. Ukiwa hujui, sema, "Naomba nifikirie, nitakujibu kesho." Ukiwa huwezi, sema huwezi, kwa heshima, na usitunge uongo. Akamwambia aanze na mambo madogo.

Akaanza na mimi. Nilimpelekea mikeka yangu kwa mazoea. Alivuta pumzi, midomo ikicheza kidogo. Akasema, "Mwalimu, wiki hii sitaweza." Niliudhika, sifichi. Nilirudi nyumbani na mikeka yangu nikiwa nimenuna. Kisha nikaifua mwenyewe, na mgongo ukaniuma siku mbili.

Mtihani mkubwa ulikuja mwezi wa tano. Koku alikuwa bado mdhaifu, anatembea akishika ukuta. Meli ilifika, na Josephat, binamu ya Muganyizi, akaingia na mkungu wa ndizi na vijana wawili. Walitaka kukaa wiki tatu wakitafuta mitumba. Tayari alikuwa anaangalia mlango wa chumba cha Koku.

Leonsia alikuwa amezungumza na mumewe, naye alikuwa amekubali wageni wasilale kwao mpaka mtoto apate nguvu. Lakini siku hiyo Muganyizi hakuwepo. Nilikuwa uani nikichambua maharage, nikamwona Leonsia akivuta pumzi, kama alivyofundishwa.

"Shemeji, karibu sana chai," alisema. "Karibu na chakula. Lakini kulala hapana. Mtoto ametoka kuumwa, kitanda ni chake."

Josephat alicheka, akidhani ni utani. Akasema vijana wake watalala popote, hata jikoni. Leonsia akarudia maneno yale yale, polepole. Hakuomba radhi mara mbili, wala hakusingizia kitu. Wakanywa chai, wakaenda kutafuta pa kulala mtaa wa Mirongo.

Msidhani mambo yalikuwa mepesi baada ya hapo. Maneno yalifika Bukoba kabla Josephat hajarudi. Walisema Leonsia ameota mapembe. Alilia siku mbili, na mara nne alitaka kwenda Mirongo kuwarudisha. Kila mara alikwenda kwanza kwa Mama Dorotea wakasali. Katika jumuiya, mzee Shimba alipouliza nani atapika msibani, kimya kilikuwa kirefu hata kikatuumiza. Leonsia aliangalia mikono yake. Mwishowe nikasema nitapika mimi. Tangu hapo tulianza kwenda kwa zamu. Wageni bado wanakuja kwake, mmoja au wawili, na siku hizi huwa anacheka nao hata jikoni.

Mwezi wa saba, wakati wa likizo, nilikuwa nimekaa naye mlangoni. Koku alikuwa amepona, amenenepa kidogo. Alikuwa ameshachota ndoo mbili za kufulia. Mama yake akamwambia akalete ya tatu, ya kupikia.

Koku alisimama. Akavuta pumzi.

"Hapana, mama," alisema. "Nimechoka. Nitakwenda jioni."

Kisha akainamisha kichwa, akisubiri kofi. Nilimwona Leonsia akibadilika uso. Baadaye aliniambia kwamba hasira ilimpanda kweli, na sauti ya shangazi ilikuwa tayari kinywani mwake. Lakini alivuta pumzi kwanza, midomo ikicheza. Akasogea kidogo na kumwonyesha mtoto mahali pa kukaa.

"Asante kwa kuniambia," alisema.

Wakakaa pale pamoja, hawana maji ya kupikia, mpaka jua lilipopoa.