Mtungi Uliooshwa

Bibi Gogutsa anasema aliwaona kwa macho yake mawili. Lori lenye tangi la bati, kama yale ya kubebea maziwa, lilirudi kinyumenyume mpaka mlangoni pa nyumba ya juu. Wakashuka wanaume wawili, mmoja mnene mwenye kofia, mwingine mwembamba, sigara mdomoni. Wakaingiza mpira, pampu ikanguruma, na kabla chai yake haijapoa mvinyo wa jirani zake ulikuwa umehamia tangini.

"Na wewe ulikuwa wapi, mama?" Inspekta Mzia alimuuliza.

"Hapa hapa dirishani. Nilikuwa namlisha mgonjwa wangu supu."

"Hukupiga kelele?"

"Nipige kelele anisikie nani? Kijiji chote kilikuwa makaburini."

Hilo lilikuwa kweli. Jana ilikuwa Jumatatu ya Pasaka, na siku hiyo hakuna mtu wa Zedavazi anayebaki nyumbani kama ana miguu. Watu hubeba mayai mekundu, mikate na majagi, wakaketi na wafu wao tangu asubuhi mpaka jua lizame. Wanaviringisha mayai juu ya udongo wa kaburi, wanamwaga mvinyo kidogo, wanaokunywa wanakunywa, wanaolia wanalia.

Bibi Gogutsa alibaki kwa sababu ya mumewe. Mzee Jemal hakuwa ametoka kitandani tangu mwanzo wa kiangazi kilichopita.

"Asante, mama. Nitarudi," alisema Inspekta, akafunga daftari lake.

"Rudi mwanangu, ila uje na njaa. Umekonda kama fito ya mzabibu."

Konstebo Koba, aliyekuwa mlangoni, aliangalia viatu vyake asicheke.

*

Nyumba ya juu ilikuwa juu kweli. Kutoka uani kwa Bibi Gogutsa unapanda ngazi za mawe kando ya ukuta, ukifika unahema. Hapo ndipo alipozaliwa Rusudan, na hapo ndipo aliporudi baada ya miaka mingi ya kuuguza wazee wa watu kule Thesaloniki, Ugiriki. Hakurudi peke yake. Alikuja na mume, Stavros, fundi mwashi mwenye mikono kama makoleo, ambaye hakujua neno la lugha ya wakweze lakini alijua paa linalovuja likoje.

Waliikuta nyumba ya mitungi, kibanda cha kutengenezea mvinyo, imeanguka upande mmoja. Stavros alisimamisha kuta, akaezeka vigae. Rusudan akaifukua ile mitungi ya babu yake iliyozikwa ardhini mpaka shingoni, akaipaka nta upya kwa ndani. Mmoja tu ndio ulikuwa mzima. Mtungi huo waliujaza zabibu za shamba la babu vuli iliyopita, wakauziba kwa jiwe na udongo, wakangoja.

Asubuhi hii waliufungua. Rusudan alishusha kata ya kibuyu yenye mpini mrefu, na kata ikagonga chini kavu.

"Niligonga mara ya pili," alimwambia Inspekta. Alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. "Nikadhani mkono wangu ndio una kosa."

"Nani alijua kwamba mnafungua leo?"

"Dunia nzima. Tulikuwa tumemwalika kaka yangu aje aonje."

Kaka yake alikuwa amesimama kando, simu mkononi. Jina lake Zaal, anakaa mjini Tbilisi, na viatu vyake havikuwa vya kijijini. Ndugu hao wawili walirithi nyumba pamoja. Zaal alitaka iuzwe kwa mtu mmoja mwenye hoteli. Rusudan alitaka mvinyo. Wakapatana hivi: mvinyo ukitoka mtungini Pasaka hii, na ukawa wa kunyweka, nyumba inabaki. Usipotoka, inauzwa.

"Mwenye hoteli anakuja lini?" aliuliza Inspekta.

"Leo jioni," Zaal alisema. "Msiniangalie hivyo. Nilimwambia aje kwa vyovyote. Kama mvinyo ungekuwepo, ningempa glasi na kumuaga."

"Jana ulikuwa makaburini?"

"Nilikuwepo."

"Mchana kutwa?"

Zaal alikohoa. "Niliondoka kidogo."

"Kwenda wapi?"

"Garini. Nililala."

"Alilala, Inspekta, nafikiri alilala," Stavros aliingilia kwa lugha yake ya kuokotaokota. "Shemeji alikunywa kwenye kaburi la baba, akanywa kwa mama, akanywa kwa shangazi. Shangazi wengi sana, hawa watu."

Rusudan alitaka kucheka, uso ukakataa. Aliuangalia mlango mpya aliouchonga mumewe, kisha akaangalia sakafu.

*

Inspekta Mzia alipiga magoti kwenye mdomo wa mtungi, akaingiza kichwa.

Alikuwa amejiandaa kunusa harufu ya siki na makapi. Mtungi ulioachwa na mvinyo kidogo chini huanza kuoza usiku huo huo. Alijua, maana kwa bibi yake kulikuwa na mitungi na hakuna mtoto aliyekwepa kuisugua. Lakini pua yake ilikutana na kitu kingine. Salfa. Mtu alikuwa amewasha kiberiti cha salfa humo ndani, kama ifanywavyo mtungi ukishaoshwa.

Alimulika tochi. Kuta za udongo zilikuwa safi, zinang'aa nta. Hakuna tone, hakuna ganda la zabibu, hakuna mbegu.

"Koba, nani ameosha mtungi huu?"

Konstebo alimtazama Rusudan. Rusudan alitikisa kichwa. "Tumeukuta hivyo hivyo. Umezibwa vizuri, jiwe mahali pake, udongo juu. Ndiyo maana sikushtuka mapema."

"Udongo uko wapi?"

Ulikuwa umewekwa pembeni, vipande vya kijivu bado vina unyevu. Koba alivipanga juu ya gazeti. Palipobonyezwa, vidole vilikuwa vimejichora vyenyewe, mistari yote inaonekana. Vilikuwa vidole vyembamba. Koba alivipiga picha, akaweka kidole chake juu ya kimoja bila kukigusa. Kidole chake kilikuwa kinene mara mbili.

"Mwizi wa ajabu huyu," Koba alisema. "Kwangu waliiba kuku wakaacha manyoya mpaka barabarani."

Inspekta alitoka nje. Mvua ilikuwa imenyesha Jumamosi na njia ya kuja nyumba ya juu ilikuwa bado laini. Gari la Zaal lilikuwa limeacha alama kama zilizokatwa kwa kisu. Za lori hazikuwepo. Alisimama akaangalia bonde. Barabara ya kuingia Zedavazi ni moja tu, na inapita langoni mwa makaburi. Jana kijiji kizima kilikaa kando ya barabara hiyo kuanzia asubuhi. Lori la tangi lingepita hapo, wangelipungia mkono na kulilazimisha linywe.

Akageuka upande wa pili. Pale ukuta ulipopakana na uwanja wa Bibi Gogutsa, juu ya mawe, ukoka ulikuwa umelala mstari mmoja mwembamba, kama uliolaliwa na nyoka mrefu. Mstari ulianzia kwenye tundu la hewa la nyumba ya mitungi, ukashuka.

Kushuka. Mpira ukishavutwa mara moja kwa mdomo, mvinyo hushuka wenyewe. Hauhitaji pampu wala wanaume wawili.

*

Aliwakusanya wote kwenye ua wa Bibi Gogutsa, chini ya mzabibu uliotanda juu ya fito. Bibi alikuwa ameshaweka mezani jibini, kokwa za jozi na mikate ya tanuri. Dirisha la chumba cha mgonjwa lilikuwa limefungwa.

"Nina swali moja," Inspekta alisema. "Kila mtu anijibu. Bwana Zaal, ukimaliza kuchota mvinyo wote, mtungi unaufanya nini?"

"Nafunga mlango naondoka."

"Bwana Stavros?"

"Namuuliza mke wangu."

Bibi Gogutsa aliguna, akaweka kisu chini. "Mungu wangu, na hawa ndio wanarithi mitungi. Unauosha, baba, unauosha pale pale kabla haujakauka. Brashi ya magome ya mcheri, maji, unasugua, unamwaga, mpaka maji yatoke kama ya kunywa. Halafu salfa. Halafu unaziba. Ukiuacha usiku mmoja na uchafu wake umeuua, hata mjukuu wako hataweza kuutumia."

"Kwa hiyo mtu wa hapa hawezi kuuacha mchafu."

"Labda awe mwendawazimu."

"Hata kama ana haraka?"

"Haraka gani ya kuua mtungi?"

"Basi wale wa lori walikuwa watu wema sana, mama," alisema Inspekta. "Waliuosha. Wakasugua kwa brashi, wakachoma salfa, wakaziba kwa udongo. Yule mnene mwenye kofia, yeye ndiye aliyesugua, au ni yule wa sigara?"

Bibi Gogutsa aliokota kipande cha jozi, akakirudisha.

"Nipe mkono wako, mama."

Alitoa mkono. Vidole vilikuwa vyembamba, na kwenye kucha mbili kulikuwa na udongo wa kijivu.

"Mvinyo uko wapi?"

"Uko salama," Bibi alisema polepole. "Uko kwenye mtungi wa Jemal. Haukupotea hata kikombe."

Rusudan alisimama ghafla, kiti kikaanguka. "Mama Gogutsa. Wewe ndiye uliyenionyesha jinsi ya kukanda udongo."

"Mimi."

"Kwa nini?"

Bibi alitazama lile dirisha lililofungwa, akashusha sauti.

"Mvua ya mawe ya kiangazi ilimaliza shamba letu. Lenu mlima ulilikinga, letu halikubaki na kishada. Jemal alikuwa ameshalazwa na ugonjwa. Nikamwambia mavuno mazuri. Kila siku ananiuliza, 'Gogo, mvinyo unachemka? Gogo, umetulia?' Namwambia unachemka, namwambia umetulia. Vuli yote, baridi yote. Juzijuzi akasema, 'Pasaka nibebeni mpaka mtungini nionje.'"

"Ungeniomba jagi," Rusudan alisema.

"Jagi lingefanya nini? Jemal hugonga kifuniko kwa fimbo na kusikiliza. Mtungi mtupu angeujua akiwa mlangoni."

"Basi ungeniomba nusu."

"Nusu?" Bibi alimtazama kama anavyomtazama mtoto. "Mtungi wa nusu unaingia hewa. Nusu yako ingekuwa siki na nusu yangu ingekuwa siki. Ni wote au hakuna. Nikasema, hawa ni vijana, watavuna tena mwaka kesho. Jemal hana mwaka kesho."

Koba aliacha kuandika.

"Habari ya kuuza nyumba sikuijua," Bibi aliendelea. "Nimeisikia asubuhi hii, wakati ulipolia. Ndipo kwa hofu nikalibuni lile lori."

Inspekta Mzia alimgeukia Rusudan. "Wewe ndiye mlalamikaji. Mvinyo umepatikana, mtuhumiwa amekiri. Nimpeleke kituoni au vipi?"

Rusudan aliinua kiti chake. Alikisimamisha kwa kishindo. Akamtazama kaka yake.

"Zaal, tulipatana mvinyo utoke mtungini. Hatukusema mtungi upi."

"Na uwe wa kunyweka," Zaal alisema.

"Stavros," Rusudan akasema, "mchukue mzee."

*

Stavros alimbeba Mzee Jemal mikononi na blanketi lake, kama mtu anayebeba mlango. Alimkalisha kitini kando ya mtungi wake. Mzee alikuwa amebaki mifupa na masharubu, lakini fimbo aliishika mwenyewe.

"Watu wengi hivi," alisema. "Kuna hadi polisi. Gogo, umeua mtu?"

"Bado," Bibi alijibu.

Akagonga. Sauti ikarudi nzito, imejaa. Mzee alifumba macho, akagonga tena kwa raha yake tu.

Kifuniko kikafunguliwa. Rusudan mwenyewe alishusha kata, na safari hii haikufika chini. Mvinyo ulitoka na rangi ya asali nyeusi, ukamiminwa kwenye bakuli la udongo. Mzee alinusa muda mrefu. Akanywa kidogo, akautembeza mdomoni, akameza. Zedavazi nzima hakuna aliyethubutu kusifu mvinyo wake kabla Jemal hajausifu.

"Nimetengeneza mvinyo maisha yangu yote," alisema, "na mzuri kama huu sijapata."

Rusudan alifunika uso kwa mkono mmoja, mwingine bado umeshika kata. Stavros, ambaye hakuelewa maneno yote, alielewa mabega ya mkewe. Alimnyanyua kutoka chini pamoja na kata yake, mvinyo ukamwagikia shati. Zaal alipokea bakuli, akanywa, akanywa tena, na safari hii hakuna shangazi aliyetajwa. Akatoa simu, akasogea pembeni. Wote walimsikia. "Geuza gari, bwana. Hapana, haiuzwi. Sikiliza, hata ukiongeza. Nyumba ina kazi."

Koba alifunga kalamu yake. Stavros alianza wimbo wa kwao, Zaal akaweka sauti ya chini ya wa kwao, na ajabu ni kwamba nyimbo zilikubaliana. Bibi Gogutsa alikimbilia tanurini, maana mikate ilikuwa inaungua.

Inspekta Mzia aliinama kumuaga mzee. Mzee alimshika kwenye kiwiko, akamvuta karibu.

"Mwanangu, ile mvua ya mawe ilipiga bati la chumba changu mpaka sikujisikia nikipumua," alinong'ona. "Shamba langu nalijua. Na huu ni mvinyo wa nyumba ya juu, nimeujua tangu harufu. Mwambie yule binti kwamba nimesema kweli."

"Ulijua tangu vuli?"

"Kila siku alikuja kunidanganya na uso wake unang'aa. Ningemnyang'anya furaha hiyo? Nakuomba jambo moja. Gogo asijue kwamba najua."

Bibi Gogutsa alikuwa ameshafika nyuma yao, mikate ya moto imelaliana kwenye aproni.

"Amekuambia nini huyu?" aliuliza. "Niambie, mwanangu."

Mikate ilikuwa inatoa moshi. Inspekta Mzia alinyoosha mkono, akachukua mmoja, akauma pande kubwa.